Marekani: Mtoto mwenye mahitaji maalumu na mlango wa miaka mitatu

Mtoto anapochelewa kusema, wazee huwaliwaza wazazi wake wasiwe na haraka: atasema tu, hata babake alichelewa.

Maneno hayo hutoka kwa nia njema, na pengine mtoto husema kweli. Hata hivyo, kwa familia zinazozungumza Kiswahili zilizohamia Marekani, wakiwemo wakimbizi wengi kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, kungoja kuna gharama. Sheria ya nchi hiyo humgawia mtoto mdogo haki zake kwa umri, na kila umri una ofisi yake.

Sheria yenyewe

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, shule nyingi za umma nchini Marekani ziliweza kumkataa mtoto mwenye ulemavu.

Tarehe 29 Novemba 1975, Rais Gerald Ford alitia saini sheria iliyozilazimu shule hizo kuwapa watoto hao elimu ya bure inayowafaa. Mwaka 1986 Bunge lilipanua wajibu huo hadi kwa watoto wa miaka mitatu hadi mitano, na likaanzisha mpango wa kuwasaidia walio chini ya umri huo.

Tangu 1990 sheria hiyo hujulikana kwa herufi IDEA, na ilifanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2004.

Miongoni mwa masharti yake ni kwamba kila jimbo lina jukumu la kuwatafuta watoto wenye mahitaji maalumu, badala ya kukaa na kungoja waletwe. Lakini katika maisha ya kila siku, anayemwona mtoto kwanza ni mzazi, na ombi lake ndilo linaloianzisha safari.

Ofisi mbili

Mtoto aliye chini ya miaka mitatu huhudumiwa na ofisi ya jimbo inayoshughulikia watoto wachanga. Mara nyingi mtaalamu humfuata nyumbani, na kumfundisha mzazi namna ya kumsaidia mtoto wakati wa kula, kucheza na kuoga.

Tangu ofisi hiyo ipokee taarifa za mtoto, ina siku 45 za kumpima na kukutana na familia ili kuandaa mpango. Kupimwa ni bure, ingawa baadhi ya majimbo hutoza huduma nyingine kulingana na kipato.

Mtoto akitimiza miaka mitatu, kwa kawaida huduma hizo hukoma, na dhamana huhamia kwa wilaya ya elimu ya mahali anapoishi, hata kama bado hajafikia umri wa kuanza shule.

Hapo ndipo mtoto anapoweza kupotea njiani. Ofisi ya kwanza imefunga jalada lake, na ya pili haijalifungua.

Ili kuzuia hali hiyo, sheria inataka kikao cha makabidhiano kifanyike, kwa ridhaa ya familia, angalau siku 90 kabla ya mtoto kutimiza miaka mitatu. Akionekana anastahili, mpango wake mpya uwe tayari siku hiyo ikifika.

Mzazi ambaye mtoto wake hakupitia ofisi ya kwanza anaweza kuiandikia wilaya ya elimu moja kwa moja. Barua fupi yenye tarehe inatosha: jina la mtoto, umri wake, yanayotia wasiwasi, na ombi la kupimwa. Ni busara kubaki na nakala.

Mzazi akishatoa idhini kwa maandishi, upimaji hukamilishwa ndani ya siku 60, isipokuwa pale jimbo lilipojiwekea muda wake.

Kiswahili cha nyumbani

Swali linalowasumbua wazazi wengi ni hili: je, mtoto ana tatizo la usemi, au hajakijua Kiingereza tu?

Sheria hairuhusu mtoto ahesabiwe kuwa na ulemavu kwa sababu tu hajui Kiingereza. Inataka pia apimwe kwa lugha anayoitumia, kila inapowezekana.

Upande wa pili nao una hatari yake. Huenda mwalimu akashauri kusubiri mpaka mtoto azoee Kiingereza, ilhali hata kwa Kiswahili mtoto haungi maneno mawili wala hafuati agizo dogo. Shahidi wa hilo ni mzazi, na ushahidi wake una uzito.

Wataalamu wa lugha wanakubaliana kwamba kulelewa kwa lugha mbili hakusababishi ucheleweshaji wa usemi. Hakuna haja ya kuacha Kiswahili nyumbani.

Shule inapaswa kumtafutia mzazi mkalimani, na kazi hiyo haifai kuachiwa kaka au dada wa mtoto.

Kuhusu hati za uhamiaji, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1982 kwamba shule za umma haziwezi kumnyima mtoto elimu kwa sababu hiyo.

Kikao na saini

Baada ya upimaji, mzazi huketi pamoja na walimu na wataalamu kuandika mpango wa mtoto huyo peke yake, unaofahamika kwa herufi IEP.

Mpango hueleza mtoto anaweza nini sasa, anatarajiwa kufikia wapi katika mwaka mmoja, na atapata huduma gani: dakika ngapi za tiba ya usemi au ya viungo, na wapi. Kadiri inavyofaa, mtoto hukaa na wenzake wasio na ulemavu.

Huduma za kwanza haziwezi kuanza bila saini ya mzazi. Asiyeridhika na upimaji anaweza kuomba upimaji huru kwa gharama ya wilaya, au kutaka usuluhishi. Kila jimbo lina angalau kituo kimoja cha kuwaelimisha wazazi kuhusu haki hizi.

Wengine husita kwa kuhofia mtoto atabandikwa jina la maradhi. Kwa umri huu, majimbo yanaruhusiwa kutumia maelezo ya jumla, yaani kuchelewa kukua. Mpango hupitiwa kila mwaka, na mtoto asiyeuhitaji tena huondolewa.

Fedha na siasa

Mwaka 1975 Bunge lilikusudia serikali kuu ichangie hadi asilimia 40 ya gharama ya ziada ya elimu hii. Kiwango hicho hakijafikiwa hata mara moja, na wilaya nyingi zina uhaba wa wataalamu.

Machi 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kuanza kuifunga Wizara ya Elimu. IDEA, hata hivyo, ilitungwa na Bunge, na amri ya rais haiwezi kuifuta. Wajibu wa majimbo na wilaya unabaki palepale.

Kwa hiyo mzazi mwenye wasiwasi hana sababu ya kungoja daktari ataje ugonjwa. Kinachohesabika ni siku: mtoto wa miaka miwili na nusu amebakiwa na miezi sita, na barua ya leo inaweza kumfikisha mlangoni kabla haujafungwa.