Saa Tisini kwa Wiki

Anayechunguza jinsi msongo unavyozaa sonona ana shida moja kubwa: hajui balaa litamshukia nani, wala lini. Hufika mambo yameshaharibika, akabaki kuwauliza watu walikuwaje zamani. Na aliyekwisha kuumia huikumbuka jana yake kwa rangi ya leo.

Srijan Sen, mtafiti wa magonjwa ya akili katika Chuo Kikuu cha Michigan, aliona kuwa lipo kundi ambalo tarehe ya dhiki yake inajulikana mapema. Nchini Marekani, madaktari tarajali huanza kazi karibu wote kwa pamoja, mwanzoni mwa Julai. Yeye na wenzake wakawapima wangali nyumbani, kisha wakawarudia kila miezi mitatu. Kipimo chenyewe ni dodoso la PHQ-9, maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, kujiona umeshindwa, na mengineyo. (Lina toleo la Kiswahili, nalo limetumika Kenya na Tanzania.) Alama 10 kati ya 27 zinatosha kumtia daktari wasiwasi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Kati ya madaktari 740, waliofikisha alama hizo kabla ya kuanza kazi walikuwa asilimia 3.9. Katika mwaka wa kazi, wastani ukawa asilimia 25.7. Ni watu walewale. Sasa anayesema vijana wa siku hizi ni legelege atueleze ulegelege huo ulikuwa umejificha wapi mwezi Juni.

Mwaka 2022 kundi hilohilo la utafiti lilitazama saa za kazi za madaktari zaidi ya 17,000. Kwa anayefanya kazi saa 40 hadi 45 kwa wiki, uwezekano wa kupata sonona ulikuwa kama asilimia 5. Kwa anayepita saa 90, asilimia 33. Saa zikipanda, nao unapanda. Tangu 2003 kikomo nchini Marekani ni saa 80 kwa wiki, lakini ni wastani wa wiki nne, na wastani unaweza kuficha wiki mbaya sana.

Basi wapunguziwe saa, yakaisha? Ilijaribiwa. Mwaka 2011 zamu ya daktari wa mwaka wa kwanza iliwekewa ukomo wa saa 16 mfululizo. Sen alipopima, saa za wiki zilikuwa zimeshuka kutoka 67 hadi 64 tu, usingizi haukuongezeka kwa maana, sonona ikabaki palepale, na waliokiri kufanya makosa makubwa kazini wakaongezeka, kutoka asilimia 19.9 hadi 23.3. Mwaka 2017 ukomo ukarudishwa saa 24. Watafiti walishuku sababu isiyo na siri yoyote: zamu ilifupishwa, wagonjwa wakabaki walewale, na kazi ya saa nyingi ikashindiliwa katika saa chache.