Breki ya Mbele ya Pikipiki: Tutoe Dramu Tuweke Diski?

Baadhi ya vikundi vyenye mradi wa boda boda vimetuuliza kama inafaa kutoa pesa kwenye akiba ili breki ya mbele ya dramu iondolewe na iwekwe ya diski. Ni swali la maana, kwa sababu hapa kuna pesa za wanachama na kuna maisha ya dereva na abiria wake. Hatuwezi kuwajibu wote kwa neno moja. Kwanza tuzielewe breki zenyewe.

Breki ya dramu imefichwa ndani ya habu, pale katikati ya gurudumu spoki zinapoanzia. Dereva akifinya mkono wa breki, waya unavutika na kuzungusha kichuma kinachopanua shuu mbili. Shuu zinasukuma ukuta wa ndani wa dramu, na gurudumu linapunguza mwendo. Breki hii ni rahisi, spea zake ni za bei ya chini, na fundi yeyote wa sokoni anaijua. Shida yake ni maji na joto. Ukivuka mto na maji yaingie ndani, breki haishiki vizuri mpaka ikauke, na huko ndani hewa ni kidogo.

Kuhusu joto, chukua mfano wa barabara ya kutoka Iten kuteremka bonde la Kerio. Iten iko kama mita 2,400 juu ya bahari, na chini bondeni umeshuka zaidi ya mita 1,000. Pikipiki, dereva na abiria mmoja pamoja ni kama kilo 250. Nguvu inayotokana na kushusha uzito huo mita 1,000 ingetosha kuchemsha karibu lita 7 za maji. Upepo na injini huchukua sehemu, zaidi ukiwa kwenye gia ya chini. Lakini dereva anayeteremka na gia huru ili kuokoa petroli anaiachia breki karibu kazi yote. Dramu ikipata moto sana inatanuka na kwenda mbali na shuu, nazo shuu zinapoteza mshiko. Mkono unafinywa mpaka ugonge usukani na pikipiki bado inaenda!

Breki ya diski iko nje, inapigwa na upepo. Haina waya. Mkono unasukuma pistoni ndogo kwenye masta silinda pale juu ya usukani, mafuta ya breki yanapita kwenye mpira, na pistoni kubwa iliyo katika kalipa inabana pedi mbili juu ya diski. Pistoni ya juu ikiwa na upana wa milimita 12 na ya chini milimita 30, nguvu inaongezeka kama mara 6. Ndiyo maana vidole viwili vinatosha. Jambo hili si geni; Honda CB750 ilitoka kiwandani na diski ya mbele mwaka 1969.

Sasa tuje kwa pesa. Kabla ya kununua chochote, mwambieni fundi afungue hiyo dramu. Mara nyingi tunaona kwamba shida si aina ya breki, ni kuachwa bila kuangaliwa: shuu zimeisha, waya umekauka bila oili, au grisi ya beringi imevujia ndani. Shuu mpya na waya mpya ni gharama ndogo sana ukilinganisha na kubadilisha. (Vumbi la humo ndani lipanguswe kwa kitambaa chenye maji, lisipulizwe kwa mdomo. Shuu kuukuu zaweza kuwa na asbestosi, ambayo huharibu mapafu.) Kwa kikundi kinachofanya kazi mahali tambarare, maoni yetu ni kwamba mwishie hapo.

Wale wa milimani, au wanaovuka maji kila siku, wana sababu ya kubadilisha. Lakini wajue kwamba si kununua diski na kalipa tu. Ile miguu ya shoki ya mbele kwenye pikipiki ya dramu mara nyingi haina mahali pa kufunga kalipa, kwa hivyo mguu wa upande huo lazima ubadilishwe. Habu ni nyingine, na spoki zake huenda zikawa na urefu tofauti. Ni rahisi zaidi kununua gurudumu lililokamilika. Kifaa kinachozungusha waya wa spidi mara nyingi kinakaa kwenye kifuniko cha dramu, basi nacho kitafutwe kile cha diski. Ongeza ekseli na vibushi vyake, mpira, masta silinda na swichi ya taa ya breki. Njia nzuri ni kutafuta modeli ileile iliyotoka kiwandani na diski na kuchukua vitu vyote vya mbele kutoka kwa hiyo. Dramu ya nyuma inaweza kubaki.

Fundi akiwaambia atachomelea kipande cha chuma kwenye mguu wa shoki ili kalipa ishike, kataeni kabisa. Miguu hiyo ni ya aluminiamu, na kalipa ikivunjika pale gurudumu linaweza kukwama ghafla.

Mafuta yawe yale yaliyoandikwa kwenye kifuniko cha masta silinda, kwa kawaida DOT 3 au DOT 4. Oili ya injini hufurisha mipira ya ndani na breki inakufa. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, na yakiwa na maji huchemka mapema, kwa hivyo yabadilishwe kama kila miaka 2. Msinunue ya kupimiwa kwenye chupa ya soda. Hewa itolewe mpaka mkono uwe mgumu. Ukiwa laini kama sponji, pikipiki isibebe mtu.

Pedi mpya zinahitaji kuzoea diski. Siku ya kwanza dereva apunguze mwendo polepole mara nyingi, bila mzigo, bila kufunga breki kwa nguvu. Tena afundishwe kwamba kwenye changarawe diski inaweza kufunga gurudumu la mbele likateleza, basi afinye kidogo kidogo akitumia na ya nyuma. Kampuni ya bima ielezwe mapema kuhusu mabadiliko hayo. Na gurudumu la dramu msimwachie fundi bure: likiwa zima linauzika, na pesa hizo zirudi kwa mweka hazina na ziandikwe kitabuni.