Mashapo ya Tanganyika na mipango inayopita juu yake

Ukiwa mtaa wa Kilibula, milima ya Mitumba iko karibu mgongoni na ziwa liko mbele. Katikati pamebaki ukanda mwembamba wa mchanga, kokoto na udongo ulioshushwa na mito, na juu yake ndipo jiji la Uvira, mashariki mwa Kongo, lilipojengwa. Vijana huchota mchanga mtoni kwa koleo na kuuza kwa wajenzi. Mvua ikinyesha mlimani, mto huleta mwingine. Mara nyingine huja na msiba, kama Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika, ukaua makumi ya watu na kuacha maelfu bila makao.

Mchanga huo hauishii ufuoni. Huteremka vilindini, ambako mashapo yamerundikana unene wa kilomita kadhaa, kwa kuwa sakafu ya ziwa inazidi kudidimia kando ya nyufa za Bonde la Ufa. Nyufa hizohizo ndizo chanzo cha matetemeko, na ndizo njia ya maji: hushuka ardhini, hupata moto, huyeyusha chumvi na metali, kisha hupanda. Yakikutana na maji baridi ya ziwa, huacha madini.

Jambo hili limeonekana kwa macho. Aprili 1987, chemchemi za moto ziligunduliwa chini ya maji huko Pemba (si ile ya Zanzibar, ni hii ya ufuo wetu, kusini mwa Uvira) na kwenye rasi ya Banza, Ubwari. Kati ya Agosti na Oktoba 1991, msafara wa TANGANYDRO wa Ufaransa, Zaire (Kongo ya leo), Ujerumani na Burundi ulileta wazamiaji kumi. Walifika kina cha mita 46 na kupima joto la nyuzi 53 hadi 103. Pemba walikuta mishipa ya piriti, madini ya chuma na salfa, yenye unene wa sentimita 1 hadi 10. Banza waliona mabomba ya aragoniti, mengine yakiwa na urefu wa sentimita 70.

Matokeo yakachapishwa mwaka 1993 katika jarida la jiolojia, kwa Kiingereza. Miaka mitatu baadaye vita vilifika Uvira.

Tangu hapo mipango mingine ya ziwa hili imefuata. Julai 2022 Kinshasa ilitangaza zabuni ya vitalu vya mafuta, vikiwemo vya bonde la Tanganyika; Oktoba 2024 ikaifuta. Juni 2019, Dar es Salaam, wanasayansi walijadili kuchoronga mashapo ya ziwa ili kusoma historia ya hali ya hewa na ya bonde lenyewe. Huu wa pili naupenda. Tetemeko kubwa huporomosha matope ya miteremko hadi kilindini, yakatua kama tabaka la pekee; atakayehesabu matabaka hayo atajua ardhi imekuwa ikitikisika mara ngapi. Kwetu ni suala la uhai: tetemeko la Desemba 2005 lilikuwa na ukubwa wa 6.8, na udongo laini uliojaa maji, kama wa ufuoni, huongeza mtikisiko.

Kosa la mipango hii ni kuliona ziwa na kutoliona jiji. Sampuli husafiri, wenyeji hubaki na uvumi. Basi yeyote atakayekuja kuchoronga, aache Uvira vipima-tetemeko vinavyofanya kazi, agharamie vijana wa kuvisoma kwenye Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia kilichopo hapahapa, na aje kueleza matokeo mtaani, kwa Kiswahili, kabla hayajachapishwa kwingine.