Kabla Kaya Haijashuka Bondeni

Kiangazi kinapokaza wilayani Hanang na malisho ya Basotu yakaisha, mfugaji wa Kibarabaig anayetaka kuhama na kaya yake huanza kuulizia njia. Maji yako wapi? Bonde gani lina ndorobo? Ng'ombe wachanjwe nini kabla ya kuondoka? Ni maswali ya busara, na ningependa yaulizwe kwa uzito uleule juu ya mama na watoto. Kaya inayohama ni kama jahazi linalong'oa nanga: kisichopakiwa bandarini hakipatikani katikati ya maji.

Safari zenyewe zimerefuka. Tangu miaka ya 1970, mashamba makubwa ya ngano yalipotwaa malisho mazuri ya Hanang, familia nyingi zimetawanyika kusini hadi Morogoro na Usangu. Mwaka 2006 wafugaji walipoamriwa kutoka Usangu, wengi walielekezwa Lindi. Mtoto aliyezaliwa kwenye baridi, chini ya Mlima Hanang wenye urefu unaozidi mita 3,400, anajikuta kwenye joto la karibu na pwani.

Hatari ya kwanza hapo ni malaria, na sababu yake iko ndani ya mbu. Kimelea kikishanyonywa pamoja na damu ya mgonjwa, lazima kikomae tumboni mwa mbu kabla ya kuweza kumwambukiza mtu mwingine. Kwenye joto la nyuzi 27 hivi, kazi hiyo huchukua kama siku 10. Joto likishuka kuelekea nyuzi 18, hucheleweshwa kiasi kwamba mbu wengi hufa kabla haijakamilika. Ndiyo maana watu wa miinuko ya Mbulu huugua malaria kwa nadra kuliko wa mabondeni. Lakini nafuu hiyo ina gharama. Kinga ya malaria hujengeka kwa kuambukizwa mara nyingi, na aliyekulia juu hana kinga hiyo. Akishuka Yaeda Chini au ukanda wa Ziwa Eyasi, hata mtu mzima mwenye nguvu zake anaweza kuzidiwa haraka kama mtoto.

Kuna jambo jingine linalowapotosha wengi njiani. Homa haianzi siku ya kuumwa na mbu. Mara nyingi huja baada ya siku 10 hadi 15. Kaya inaweza kuwa imeshalipita bonde lenye mbu na kupanda tena kwenye ubaridi ndipo mtoto achemke mwili, na wazazi wakadhani ni uchovu wa safari. Malaria kali inaweza kuua ndani ya siku moja au mbili. Homa yoyote njiani ipimwe siku hiyohiyo, na dawa mseto ikitolewa imezwe hadi dozi iishe.

Chandarua chenye dawa hakihitaji nyumba. Kinafungwa kwenye matawi au miti minne, pindo likakunjwa chini ya ngozi ya kulalia. Mjamzito aende kliniki kabla ya kuondoka: kuanzia wiki ya 14 ya ujauzito hupewa dawa ya SP ya kumkinga na malaria, na hurudia kila baada ya mwezi mmoja au zaidi.

Chanjo ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi, kwa sababu haiwezi kufanywa usiku wa kuamkia safari. Mtoto huchanjwa akizaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ya surua na rubela hutolewa miezi 9 na 18. Kaya ipange mwendo wake ikizijua tarehe hizo, na kadi ya kliniki ifungwe kwenye nailoni. Kituo chochote cha njiani kinaweza kuendeleza pale palipoishia.

Kuna pia kuhara: pakiti za ORS na vidonge vya zinki vya kukutibu havina uzito wa kumlemea punda. Maji ya madimbwi wanayonywea mifugo yachemshwe hadi yatokote.

Na maziwa vilevile. Najua neno hili ni gumu kwa watu ambao maziwa ndiyo chakula chao cha kila siku safarini. Lakini maziwa mabichi, hata yakigandishwa kwenye kibuyu, yanaweza kubeba kifua kikuu cha ng'ombe na bruselosisi, ugonjwa uleule unaowatupisha ng'ombe mimba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kutoka Mkoa wa Arusha, ambao Manyara, mkoa wa Hanang, ilimegwa kutoka humo mwaka 2002, ulikuta vimelea vya kifua kikuu cha ng'ombe kwenye tezi za wagonjwa.

Homa za mifugo hujificha nyuma ya jina la malaria. Mjini Moshi, kati ya mwaka 2007 na 2008, watafiti waliwafuatilia wagonjwa wa homa waliolazwa hospitalini. Zaidi ya nusu walikuwa wamehesabiwa kuwa na malaria. Waliokuwa nayo kweli hawakufika 2 katika kila 100. Karibu robo walikuwa na magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama. Kwa hiyo kipimo cha malaria kikionyesha hakuna kitu na homa ikaendelea, mfugaji asirudi kambini kimya. Amwambie mganga: tunaishi na ng'ombe, tunakunywa maziwa yao, na mwezi uliopita wawili walitupa mimba. Bruselosisi hutibiwa kwa dawa zaidi ya moja kwa muda wa wiki 6 hivi, na kaya inapaswa kujua muda huo kabla ya kung'oa kambi tena.