Dalali Analipwa na Nani? Niliyojifunza Nikiitafutia Familia Nyumba

Wengi wetu hapa chuoni tunamjua dalali kwa habari ya geto. Unatafuta chumba kimoja, unaonyeshwa viwili vitatu, unalipa, na jioni hiyohiyo unahamisha godoro na ndoo. Kikikushinda unavumilia mpaka muhula uishe. Mimi pia nilidhani nyumba zote zinatafutwa hivyo, mpaka mwaka jana Mama aliponipigia simu kutoka Mafinga akaniambia Bibi anahamia Dar.

Figo za Bibi zimechoka. Anatakiwa kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na nafasi ikapatikana Hospitali ya Mloganzila. Mara tatu kwa wiki huwezi kwenda na kurudi Mafinga. Mama akaamua wahame wote: yeye, Bibi na wadogo zangu wawili wa shule ya msingi. Ili pesa ipatikane, akauza ekari moja ya miti ya mbao ambayo Baba aliipanda kabla hajafariki. Miti ilikuwa bado haijakomaa, kwa hiyo bei ikawa ya kuonewa. Tukapata milioni mbili na laki moja.

"Wewe ndiye mtu wa mjini, baba," Mama akasema. "Tutafutie nyumba."

Mtu wa mjini mwenyewe nilikuwa nasubiri bumu. Lakini ukishaitwa hivyo nyumbani, huwezi kukataa.

Hesabu kwanza

Kabla ya kumpigia dalali yeyote, kaa chini upige hesabu, kwa sababu bei anayokutajia siyo pesa utakayotoa. Ukisikia "laki mbili na nusu kwa mwezi", wenye nyumba wengi wanataka miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima. Miezi sita ni milioni moja na nusu. Ongeza ya dalali, ambayo kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja: sasa ni milioni moja na laki saba na nusu. Kwetu ilibaki laki tatu na nusu ya kusafirisha vitu, kununua tangi la maji na kula mwezi wa kwanza. Hapo ndipo nilipojua kwamba nyumba ya laki tatu hatuiwezi, hata kama dalali angeisifia mpaka kesho.

Kuna na ile hela ya kuonyeshwa, elfu tano au kumi, ambayo hairudi hata usipopata kitu. Dalali wangu wa kwanza alichukua elfu kumi, akanizungusha Mbezi nzima, na nyumba zote tatu alizonionyesha hazikuwa zetu: moja ilikuwa na ngazi tisa, nyingine ilishachukuliwa wiki iliyopita, ya tatu ilikuwa nusu ya nyumba na choo cha kuchangia. Nilimlaumu, lakini kiukweli na mimi nilikosea. Nilimwambia tu "natafuta vyumba vitatu". Sikumwambia habari za Bibi.

Anayemlipa dalali

Darasani wenzetu wa sheria wanasoma uwakala. Umo kwenye Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na msingi wake ni kwamba wakala anawajibika kwa aliyemtuma. Sasa jiulize, dalali wa mtaani katumwa na nani? Mwenye nyumba kampa funguo, mpangaji ndiye anayemlipa, na mara nyingi hakuna aliyeandikishana naye chochote. Akipata mteja na nyumba vikakutana, analipwa. Visipokutana, halipwi hata kama ametembea jua kali siku nzima.

Ukishalielewa hilo, mambo mengi yanajieleza. Anakuharakisha kwa sababu kuna dalali mwingine mwenye funguo ya nyumba hiyohiyo. Hapunguzi sana bei kwa sababu malipo yake ni kodi ya mwezi, na kodi ikishuka na yake inashuka. Unakuta madalali watatu wamekufuata nyumba moja kwa sababu mmoja anamjua mwenye nyumba, mwingine ana funguo, wa tatu ndiye aliyekupata wewe, na wote watagawana. Hiyo ndiyo njia yao ya kula, na wanajua mtaa kuliko ramani yoyote ya kwenye simu. Ila kuna maswali ambayo hakuna anayemlipa dalali kuyauliza. Hayo ni yako.

Nyumba iliyotaka kutumeza

Dalali wa pili, kijana mchangamfu, alinipeleka Kibamba kwenye nyumba ambayo hata wewe ungeipenda. Vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, fensi, na barabara ambayo bajaji inafika mlangoni. Hakuna ngazi hata moja. Laki mbili na nusu. Nikamwona Bibi ameshakaa barazani.

"Kaka, kuna mama mwingine anakuja saa kumi na hela mkononi," akaniambia. "Tuma hata laki mbili ya kushikilia."

Mama alikuwa ameshanitumia laki tatu kwenye simu kwa ajili ya dharura kama hiyo. Nilishaanza kubonyeza namba. Nikampigia Mama kumpa habari njema, na yeye akauliza swali moja tu: "Mwenye nyumba mwenyewe umemwona?"

Nilikuwa nimemwona jamaa aliyefungua geti, nikaambiwa ndiye. Nikamwomba dalali nusu saa, nikaenda kwa mama mmoja mwenye genge pale kona. Nikamsalimia, nikanunua nyanya, nikamuuliza habari za nyumba ile. Akanitazama. "Mwanangu, nenda kwanza ofisi ya serikali ya mtaa."

Nikaenda. Mjumbe niliyemkuta hakuhitaji hata kufungua daftari. Mwenye nyumba alishafariki, watoto wana kesi ya mirathi, na aliyefungua geti ni mmoja wao ambaye hajateuliwa kusimamia chochote. Wapangaji waliotangulia walitolewa na ndugu wengine, na kodi yao hawajarudishiwa.

Nilirudi kwa dalali nikiwa na hasira. Akaniambia, bila hata kuficha macho, "Kaka, mimi nimeletewa funguo tu. Hayo mengine sikuuliza." Nikamwamini, na mpaka leo namwamini. Hakunidanganya popote, kwa sababu kuuliza hakukuwa kazi yake. Ilikuwa yangu, na nilibakiza dakika chache tu miti ya Baba iende bure.

Jinsi ya kufanya kazi na dalali

Nyumba tunayokaa sasa ilipatikana kupitia yuleyule mama wa genge, ambaye kumbe naye hufanya udalali pembeni. Safari hii nilianza kwa kumweleza kila kitu: mgonjwa anayerudi hospitali akiwa hana nguvu, watoto wa shule, bajeti isiyovuka laki mbili na nusu, gari lifike mlangoni hata masika. Alinipeleka nyumba mbili tu kwa wiki mbili. Ya pili ikatufaa. Nikimsimulia mtu jinsi tulivyofanya, humwambia hivi.

Mweleze dalali shida yenu, usimweleze idadi ya vyumba peke yake. Anazo nyumba kumi kichwani. Ukimpa sababu atakuchujia, na muda wake na wako utaokoka.

Nenda nyumbani hapo mara mbili, bila dalali mara ya pili, na ikiwezekana usiku au baada ya mvua. Sisi tulijua kwa jirani kwamba maji ya DAWASA yanatoka siku mbili kwa wiki, ndiyo maana tukanunua tangi kabla ya kabati.

Uliza umiliki kwa majirani na serikali ya mtaa. Haikugharimu kitu zaidi ya salamu na subira. Kama mwenye nyumba yuko mbali na kuna mtu anayemsimamia, ongea naye mwenyewe kwa simu, na uone barua ya kumruhusu huyo msimamizi.

Patana na mwenye nyumba mwenyewe, ana kwa ana. Nyumba yetu ilikuwa na ngazi mbili mlangoni. Dalali angeniambia "ni mbili tu". Mwenye nyumba, mzee mmoja mstaafu, aliposikia habari za Bibi alikubali tujenge mteremko wa zege na gharama ikatwe kwenye kodi inayofuata.

Mkataba uandikwe, kila mmoja abaki na nakala, muwe na mashahidi, na serikali ya mtaa iweke muhuri. Uoneshe kodi ni kiasi gani na ya miezi mingapi, nani anatengeneza kinachoharibika, notisi ni ya muda gani, na namba ya mita ya LUKU. Ya dalali ilipwe siku ya kukabidhiwa funguo, siyo kabla. Dalali mzuri halalamiki kwa hilo. Mama wa genge alisubiri hadi tukamaliza kusaini, akapokea yake, akatuchagulia na mboga.

Tulilosahau

Hatukufanya yote sawa. Siku ya kwanza nilinunua umeme wa elfu kumi, nikashangaa uniti zimekuja chache mno. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU, na nyumba ilikuwa imekaa tupu miezi kadhaa bila mtu kununua umeme, hivyo deni lote lilinisubiri mimi. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, si ya mpangaji. Mzee alikubali kuturudishia, lakini tungeiandika mapema kwenye mkataba nisingelazimika kumfuata na ujumbe wa kwenye simu kama mdai. Kwa hiyo kabla ya kuhamia, nunua umeme wa elfu mbili mbele ya mwenye nyumba, mtazame wote kinachokatwa.

Bibi ana miezi minane Kibamba sasa. Siku za hospitali mdogo wangu humsindikiza mpaka kwenye bajaji, anateremka taratibu kwenye ule mteremko akiwa ameshika ukuta. Anaulalamikia joto la Dar kila siku. Nyumba hajailalamikia bado, na kodi ya miezi sita ya pili tulishalipa bila dalali yeyote kati yetu.