Istilahi za Kofia za Felti za Zamani

Hivi karibuni tuliletewa karatasi ya maelekezo yenye kurasa nne, iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya wahudumu wa ghala moja la vitu vya kihistoria. Karatasi hiyo ilieleza jinsi ya kusafisha kofia za felti, zile zenye ukingo ambazo makarani, walimu na wazee wengi wa nchi zetu walizivaa zama za ukoloni na baadaye. Mfasiri alikuwa ametumia neno "utepe" mahali pote. Mhudumu akaagizwa aufunue utepe ili asome kibandiko kilicho nyuma yake. Naye, kwa utiifu kabisa, akaufumua utepe wa nje uliozunguka kofia pamoja na kifundo chake. Hakuona kibandiko. Kisha akaagizwa aufute utepe kwa kitambaa chenye maji ili kuondoa jasho. Safari hii alifahamu kuwa ni ule wa ndani, akaulowesha barabara. Kibandiko kilikuwa huko nyuma yake, nacho ni cha karatasi. Kikayeyuka.

Kofia hiyo ilikuwa ya marehemu baba yake mwalimu mmoja mstaafu, aliyeiazimisha ili itambuliwe mwaka wake. Kibandiko kile ndicho pekee kilichoweza kuutaja. Mfasiri hakuwa mzembe. Tuliongea naye, na kamusi aliyoitumia haikumpa zaidi ya neno hilo moja. Kwa hiyo tumeonelea kwamba suala hili, ingawa laweza kudhaniwa ni dogo, lifaa kuzungumzwa katika kurasa hizi.

Tuanze na kofia yenyewe. Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kofia. Upungufu ni wa mipaka baina ya maneno hayo. "Kofia" pekee yake, kwa msemaji wa pwani, ni ile isiyo na ukingo. "Chapeo" lilitoka katika Kireno, ambako maana yake ni kofia yenye ukingo, lakini Biblia ya Kiswahili imelitumia kwa kofia ya chuma ya askari, na sasa hakuna awezaye kulirudisha nyuma. Limebaki "pama", ambalo wasemaji wengi hulielewa kuwa ni kofia yenye ukingo kuzunguka pande zote, iwe ya majani au ya kitu kingine. Twapendekeza basi "pama ya felti". Majina ya aina zake yaachwe kama yalivyo, kwa kuwa ni majina ya asili ya watu, vitabu na miji: fedora latokana na mchezo wa kuigiza wa Victorien Sardou ulioonyeshwa Paris mwaka 1882, trilbi latokana na riwaya ya George du Maurier ya 1894, na homburgi ni mji wa Ujerumani. Majina haya yana faida nyingine. Muuzaji akikuambia kwamba kofia yake iliuzwa kwa jina la fedora mwaka 1870, unajua mara moja kwamba hasemi kweli.

Felti ni nini? Hapa wafasiri wengi huandika "kitambaa cha sufu", na wengine, kwa kuteleza kalamu, "kitambaa cha sufi", kana kwamba kofia imejazwa pamba ya msufi kama mto. Felti haikufumwa wala haikusokotwa. Ni manyoya yaliyoshikana yenyewe: kila unyoya una magamba madogo, na ukitiwa maji moto na kukandamizwa, magamba hayo hunasana na manyoya mengine hata yasiweze kuachana tena. Anayetafuta mfano wa karibu aikumbuke mbugu ya Buganda, ambayo nayo ni vazi lisilofumwa bali gome lililopondwa, ijapokuwa ulinganifu huo haufiki mbali. Aidha, pama nyingi zilizo bora hazikutengenezwa kwa sufu ya kondoo kamwe, bali kwa manyoya ya sungura au ya biva, mnyama wa mitoni wa nchi za baridi. Kwa hiyo neno "felti" libaki, likifuatwa na jina la manyoya: felti ya sungura, felti ya biva, felti ya sufu.

Sehemu za pama sasa. Ile sehemu inayoinuka juu ya kichwa, wafasiri huiita "taji" kwa kufuata Kiingereza, jambo ambalo halina maana kwa msomaji wetu. Twapendekeza "kuba", kwa kuwa umbo lake ni hilo. Pale kuba ilipobonyezwa juu, "bonyeo". Pale ilipobinywa mbele kwa vidole viwili, "mbinyo". Ukingo ni ukingo, na ukishonewa kitu pembeni ni "pindo". Kitambaa cha ndani ni "bitana", neno ambalo kila fundi cherehani analo. Utepe ubaki jina la ule wa nje tu. Ule wa ndani unaogusa paji la uso uitwe "ukanda wa jasho", uwe wa ngozi au wa kitu kingine chochote. Malaika, zile nywele nyororo za mwilini, zatosha kabisa kuwa jina la vinyweleo vilivyo juu ya felti. Na kile kigogo cha mbao ambacho fundi huivisha kofia ili ipate umbo hakihitaji istilahi mpya. Kamusi za zamani za Kiswahili zinalo "faroma", kitu kinachovishwa kofia iliyofuliwa ili isinywee. Kwa nini tuazime jina la chombo tulicho nacho?

Tofauti ya utepe na ukanda wa jasho ndiyo yenye uzito kuliko zote, kwa sababu umri wa pama husomwa zaidi nyuma ya ukanda huo. Katika kofia za Marekani hukutwa huko kibandiko cha chama cha wafanyakazi. Kikitaja United Hatters of North America, kofia ni ya kati ya 1896 na 1934. Kikitaja chama kilichotokana na muungano wa 1934, ambacho jina lake limeongezewa watengenezaji wa kofia za kike na zisizo na ukingo, ni ya kati ya mwaka huo na 1983, chama hicho nacho kilipojiunga na kingine. Anwani ya duka iliyochapwa kwenye ukanda au bitana nayo husema. Tarakimu tano za posta zilianza kutumika Marekani mwaka 1963. Tarakimu moja au mbili baada ya jina la mji mkubwa zaonyesha miaka ya baina ya 1943 na 1963. Jina la kampuni peke yake halitoshi: Borsalino ilianza Alessandria, Italia, mwaka 1857, na Stetson ilianza Philadelphia mwaka 1865, na majina yote mawili yameendelea kuchapwa katika kofia mpaka zama zetu. Wala upana wa ukingo usiaminiwe sana, maana mafundi wengi waliukata ukingo wa zamani ili ufuate mtindo mpya. Tahadhari ya mwisho ni ya namba ya kipimo: namba ya Uingereza ni ndogo kuliko ya Marekani kwa moja ya nane, hata ikiwa kichwa ni kile kile cha sentimeta 57.

Kuna istilahi moja ambayo kosa lake laweza kudhuru mtu. Kabla ya manyoya kugeuzwa felti, yalipakwa dawa ili yanasane kwa urahisi, na kwa muda mrefu dawa hiyo ilikuwa zebaki iliyoyeyushwa katika asidi ya naitriki. Kiingereza kinaiita kazi hiyo kwa neno linalotokana na karoti, kwa sababu manyoya yaligeuka rangi ya chungwa. Tumeiona tafsiri iliyosema manyoya "yalipakwa karoti". Msomaji wake angedhani ni chakula! Ukweli ni kwamba mafundi walivuta mvuke wa zebaki wakapatwa na tetemeko, na mji wa Danbury, Connecticut, ulijulikana kwa ugonjwa huo. Marekani ilikomesha matumizi hayo Desemba 1941. Zebaki hiyo haikutoka yote. Vipimo vya kofia zilizohifadhiwa katika makumbusho vimeikuta.

Kwa hiyo mfasiri wa maelekezo ya usafishaji hana budi kuandika wazi kwamba pama ya kabla ya miaka hiyo isitiwe mvuke wala kusuguliwa kwa nguvu, na kwamba anayeishika avae glavu na kufungua madirisha. Kwa nyingine, brashi laini yatosha, ikipitishwa kwa kufuata malaika, si kwa kuyapinga. Kofia isiinuliwe kwa mbinyo, maana felti hupasuka hapo kwanza, isikaushwe juani, ikiwekwa, ilazwe juu chini ili ukingo usibebe uzito. Nondo hupenda felti kama wapendavyo sufu, na makumbusho huwaua kwa kuifunga kofia ndani ya mfuko wa plastiki na kuigandisha.

Kwa ile kazi ya kupaka dawa, baadhi yetu wanapendekeza "kuchachua manyoya", kwa vile dawa ni kali na yenye asidi, na neno lafaa hata kwa dawa zilizotumika baada ya zebaki. Wengine wanasema "kutia zebaki", ili hatari isifichike. Hatujaafikiana. Wasomaji walio na neno kutoka kwa mafundi wa kofia wa Unguja, Lamu au kwingineko wanaombwa watuandikie, wakitaja mahali walipolisikia.