Nzi aweza kumfichua muuaji

Bila shaka umewahi kununua nyama, ukaiweka mezani, kisha jirani akakuita mlangoni. Uliporudi dakika chache baadaye ulimkuta nzi ameshatua. Ulimfukuza kwa hasira huku ukijiuliza ametoka wapi, maana madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

Usishangae. Nzi hunusa kwa papasi zilizo kichwani mwake, na harufu ya nyama humfikia akiwa mbali. Uwezo huo huo umewahi kuwasaidia wapelelezi kuwanasa wauaji.

Kisa cha kale kimo katika kitabu ambacho Song Ci, hakimu wa Uchina, aliandika mwaka wa 1247 kuwaelekeza maafisa wanaochunguza vifo. Mtu mmoja alikutwa kando ya njia amekatwakatwa kwa mundu. Mali yake haikuguswa, na kwa hivyo afisa aliyechunguza alijua kuwa aliyemuua hakuwa mwizi. Aliwaagiza wanakijiji walete miundu yao na kuilaza chini. Nzi walimiminika kwenye mundu mmoja tu. Macho ya watu hayakuona doa juu yake, lakini harufu ya damu ilikuwa bado ipo. Mwenyewe alikiri kosa.

Nzi husemaje?

Siku hizi wataalamu wa wadudu hawangoji nzi waonyeshe silaha. Wanachotaka kujua ni wakati. Mtu akifa mahali pa wazi mchana, nzi wakubwa wa buluu au kijani huweza kufika katika muda wa dakika chache. Jike hutaga mayai machoni, puani, mdomoni au penye jeraha. Mayai huanguliwa kwa muda wa siku moja hivi, yakatoa mabuu, yaani wale funza weupe tunaowajua. Mabuu hula, hunenepa na kujivua ngozi mara mbili. Kisha huhama, hujificha udongoni ndani ya ganda la kahawia, na mwishowe nzi mpya huruka.

Kila hatua ina muda wake. Mtaalamu akijua ni nzi wa aina gani, buu limefikia hatua gani na joto lilikuwa kiasi gani, aweza kuhesabu kurudi nyuma hadi siku mayai yalipotagwa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Uingereza mwaka wa 1935. Daktari mmoja wa mji wa Lancaster, Buck Ruxton, alikuwa akiwaambia watu kwamba mkewe, Isabella, na yaya wao, Mary Rogerson, walikuwa wamesafiri. Mnamo Septemba 29, mabaki ya miili ya wanawake wawili yalionekana chini ya daraja karibu na Moffat, kule Scotland. Yalikuwa yamekatwa vipande vipande ili yasitambulike.

Mabuu yaliyotoka kwenye mabaki hayo yalipelekwa Glasgow kwa Dkt Alexander Mearns. Aliyachunguza, akasema yalikuwa na umri wa siku 12 hadi 14 hivi. Hesabu hiyo iliwarudisha wapelelezi katikati ya Septemba, wakati ule ule wanawake hao walipoonekana mara ya mwisho.

Njia ya mwongo ni fupi. Baadhi ya vipande vilifungwa kwa gazeti la Jumapili la Septemba 15, tena toleo maalum lililouzwa sehemu za Lancaster na Morecambe pekee. Ruxton alipatikana na hatia, akanyongwa mjini Manchester Mei 12, 1936.

Tahadhari

Hata hivyo, saa hii ya nzi yataka msomaji makini. Joto huharakisha ukuaji wa mabuu na baridi huuchelewesha. Funza wa Mombasa hawezi kuhesabiwa sawa na mwenzake wa Limuru. Maiti ikifungwa ndani ya blanketi, au mtu akifa usiku ama wakati wa mvua, nzi huchelewa. Ndiyo maana mtaalamu hutafuta kumbukumbu za hali ya hewa ya mahali hapo, huhifadhi baadhi ya mabuu, na huyalea mengine hadi yawe nzi kamili ili awe na hakika ya aina yake.

Uangalifu huo si wa bure. Hebu fikiria mtu aliyekuwa safarini Jumanne, na marehemu aliuawa siku hiyo. Mtaalamu akikosea na kusema ni Jumatano, siku ambayo mtu huyo alikuwa amerudi, asiye na hatia aweza kuozea jela, naye muuaji aendelee kutembea mitaani.

Kwa hivyo, msomaji, ukipata bahati mbaya ya kukuta maiti, usiisogeze, usiioshe wala usipulize dawa ya wadudu, hata kama unataka kumwondolea marehemu aibu. Wazuie watu wasisongamane, kisha uwaite polisi. Huenda wale wadudu unaotamani kuwaua ndio mashahidi pekee waliobaki.

Lakini nyama ya jikoni, tafadhali, endelea kuifunika.